Utazamaji wa ndege wa eneo la karibu

Utazamaji wa ndege wa eneo la karibu ni desturi ya mtu kuchagua mahali padogo karibu na nyumbani kwake, kama vile bustani ya umma, ukingo wa mto, bwawa, makaburi au mashamba ya kijiji, na kupatembelea mara kwa mara mwaka mzima ili kutambua, kuhesabu na kuandika ndege anaowaona au kuwasikia. Desturi hii ni tofauti na safari za kwenda mbali kutafuta ndege adimu. Hapa mahali ni palepale. Kinachobadilika ni majira, hali ya hewa na ndege wenyewe.

Utazamaji wa aina hii umeenea sana nchini Uingereza, na pia katika nchi nyingine za Ulaya na Amerika Kaskazini. Makala hii inaeleza hasa jinsi unavyofanyika Uingereza wakati wa vuli, katika asubuhi zenye jalidi. Jalidi, ambayo huitwa pia sakitu, ni tabaka jembamba la fuwele za barafu linalotanda juu ya majani na ardhi baada ya usiku wa baridi kali. Katika Afrika Mashariki inajulikana kwa wakazi wa nyanda za juu kama Nyandarua nchini Kenya na Makete nchini Tanzania. Neno vuli hapa lina maana ya majira ya Ulaya kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati majani ya miti mingi hupukutika. Halimaanishi mvua za vuli za Afrika Mashariki, ingawa vipindi hivyo viwili hukaribiana katika kalenda.

Historia

Mtu anayetajwa mara nyingi kama mfano wa kwanza wa desturi hii ni Gilbert White (1720–1793), kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyeishi katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza. Tangu mwaka 1768 alijaza daftari maalumu lenye safu za tarehe, hali ya hewa, mimea na wanyama, akaendelea hivyo hadi mwaka wa kifo chake. Barua zake kuhusu viumbe wa kijiji hicho zilitolewa kama kitabu mwaka 1789.

Kwa kurudi mahali palepale, White aliona mambo ambayo wasafiri hawakuyaona. Alitambua kwamba ndege wadogo wa rangi ya kijani na njano, ambao kwa macho wanafanana sana, walikuwa spishi tatu tofauti, kwa sababu kila moja ilikuwa na wimbo wake. Aliona pia kwamba ndege aitwaye Turdus torquatus, mwenye alama nyeupe ya hilali kifuani, alipita Selborne kila mwaka mnamo mwisho wa Septemba. Lakini jambo moja lilimshinda: hakuweza kukata shauri kama mbayuwayu wote huhama wakati wa baridi au kama baadhi yao hujificha nchini.

Jibu lilipatikana baada ya watu kuanza kuwavalisha ndege pete ndogo za chuma zenye namba. Nchini Uingereza kazi hiyo ilianza kwa utaratibu mwaka 1909. Mbayuwayu mmoja aliyevalishwa pete katika wilaya ya Staffordshire mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912. Hivyo ilithibitika kwamba ndege anayejenga kiota chake kwenye nyumba ya Mwingereza anaweza kuwa upande wa pili wa dunia wakati jalidi inapotanda juu ya paa la nyumba hiyo.

Katika miaka ya 1930 David Lack, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Devon, aliwavalisha robini (Erithacus rubecula) wa eneo lake pete za rangi mbalimbali ili aweze kumtambua kila mmoja. Robini ni ndege mdogo mwenye kidari chekundu. Lack alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1943 jinsi ndege hao wanavyogawana ardhi, wanavyopigana na wanavyoimba. Kazi hiyo yote ilitokana na ndege wa kawaida kabisa katika eneo dogo.

Kwa nini asubuhi ya jalidi

Jalidi hutokea hasa baada ya usiku usio na mawingu wala upepo, kwa sababu joto la ardhi hupotea angani bila kuzuiwa. Hali hiyohiyo humfaa mtazamaji wa ndege kwa njia kadhaa.

Kwanza, ndege wengi wadogo huhama usiku, na anga safi huwasaidia kwa kuwa nyota ni mojawapo ya vitu wanavyotumia kujua upande wa kwenda. Baada ya usiku kama huo, asubuhi eneo laweza kuwa na ndege ambao jana yake hawakuwapo, na wengine waliokuwapo jana huenda wameondoka.

Pili, hewa tulivu na ya baridi karibu na ardhi husafirisha sauti vizuri. Juu ya hewa hiyo huwa kuna hewa yenye joto zaidi, ambayo huyapinda mawimbi ya sauti kurudi chini. Kwa hiyo mlio wa ndege husikika kutoka mbali kuliko mchana.

Tatu, majani yamepukutika. Ndege ambaye mwezi Juni husikika tu ndani ya kichaka, mwezi Novemba huonekana waziwazi kwenye tawi.

Nne, baridi hupunguza mahali pa kupata chakula. Ardhi ikigandamana, ndege wanaokula minyoo hulazimika kwenda chini ya vichaka, kando ya vijito au kwenye miti yenye matunda. Maji ya bwawa yakianza kuganda ukingoni, bata hukusanyika pale ambapo bado pako wazi. Ndege waliotawanyika hukusanyika, na inakuwa rahisi kuwahesabu.

Mwendo wa asubuhi

Mtazamaji hutoka kabla ya macheo. Gizani huweza kusikia mlio mwembamba unaoshuka kutoka juu. Huo ni mlio wa Turdus iliacus, ndege wa jamii ya mikesha mwenye mstari wa rangi ya maziwa juu ya jicho na ubavu mwekundu kama kutu. Ndege hao hutoka Skandinavia na Iceland, na huvuka bahari usiku. Kwa watazamaji wengi wa Uingereza, mlio huo ndio unaotangaza kwamba kipupwe kinakaribia.

Jua linapochomoza, mtazamaji husimama mahali palipoinuka na kuhesabu ndege wanaopita angani. Makundi ya chiriku wa Ulaya (Fringilla coelebs), njiwa-mwitu na kwenzi wa Ulaya (Sturnus vulgaris) huweza kupita kwa saa moja au mbili, kisha mwendo hupungua. Wengi hutambuliwa kwa mlio na namna ya kuruka, kwa sababu rangi hazionekani vizuri dhidi ya mwanga wa asubuhi.

Baadaye mtazamaji hufuata njia yake ya kawaida. Kwenye ua wa miti ya miiba yenye matunda mekundu hutazama mikesha wakila: Turdus iliacus, Turdus pilaris mwenye kichwa cha kijivu, na Turdus merula, ambaye dume lake ni jeusi na lina mdomo wa njano. Turdus merula huishi Uingereza mwaka mzima, lakini wakati wa vuli wengine wengi wa spishi hiyohiyo hufika kutoka Skandinavia na Ujerumani. Kwa hiyo ndege anayeonekana chini ya kichaka mwezi Novemba huenda si yule aliyekuwa akiimba hapo mwezi Mei. Mtu anayejua hesabu ya kawaida ya eneo lake hutambua mabadiliko hayo mapema: pale alipozoea kuona ndege wanane, leo wako thelathini.

Robini naye huendelea kuimba hata katika jalidi. Wakati wa vuli dume na jike hutengana. Kila mmoja hulinda eneo lake mwenyewe, na majike huimba kama madume. Wimbo huo si wa kutafuta mwenzi bali ni onyo kwa jirani asiingie.

Mahali penye maji panahitaji subira. Mdiria wa Ulaya (Alcedo atthis) hutegemea samaki wadogo, na maji yakiganda kabisa hana budi kuhamia mito isiyoganda au pwani. Kutoonekana kwake baada ya siku kadhaa za barafu ni habari inayostahili kuandikwa sawa na kuonekana kwake.

Baridi na uhai wa ndege

Asubuhi ya jalidi hupendeza machoni, lakini kwa ndege mdogo ni saa ya hatari. Regulus regulus, mwenye ukanda wa njano utosini, ana uzito wa takriban gramu 5 hadi 6 tu na ni miongoni mwa ndege wadogo kabisa wa Ulaya. Mwili mdogo hupoteza joto upesi. Usiku ndege huyo huunguza mafuta aliyoyaweka mchana ili asife kwa baridi, na kunapopambazuka akiba hiyo huwa karibu kwisha. Saa za kwanza za mchana ni za kula bila kupumzika. Ndege wa namna hii hutunisha manyoya ili kushika hewa yenye joto, na usiku wengine hulala wamebanana katika kundi.

Kipupwe cha miaka 1962 na 1963 kilikuwa kikali mno nchini Uingereza. Theluji na barafu zilidumu kwa wiki nyingi. Idadi ya Troglodytes troglodytes, ndege mdogo wa kahawia anayetafuta wadudu karibu na ardhi, ilishuka vibaya sana. Kwa bahati njema, mwaka 1962 Shirika la Uingereza la Utafiti wa Ndege (BTO) lilikuwa limeanzisha hesabu ya ndege wa kawaida iliyofanywa na watu wa kujitolea katika maeneo yaleyale kila mwaka. Hesabu hizo zilionyesha jinsi ndege huyo alivyoongezeka tena katika miaka iliyofuata. Bila hesabu hizo watu wangebaki na kumbukumbu ya theluji tu.

Njia na vifaa

Eneo linalofaa ni lile ambalo mtu anaweza kulifikia kwa urahisi, hasa kwa miguu, na kulizunguka kwa saa moja hadi tatu. Si lazima liwe na ndege wengi. Eneo lenye mchanganyiko wa miti, nyasi na maji kidogo huwa na spishi nyingi zaidi, lakini hata bustani ndogo ya mjini inatosha.

Vifaa vikuu ni hivi:

- Darubini ya macho mawili. Aina inayotumika sana ni ya 8x42. Namba ya kwanza ni kiasi cha kukuza, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi pana huingiza mwanga zaidi wakati wa alfajiri.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu huweza kugoma kwenye baridi au kutawanyika ukilowa, lakini penseli huandika.
- Kitabu cha kutambulisha ndege, au programu ya simu.
- Nguo nzito, glavu na viatu visivyopitisha maji. Mtazamaji husimama kwa muda mrefu bila kutembea, kwa hiyo baridi humpata haraka kuliko mtembeaji.

Katika baridi, pumzi ya mtazamaji huweza kutia ukungu kwenye lenzi za darubini. Ni vizuri kutopumua juu yake na kutoiweka karibu na mdomo wakati wa kusubiri.

Kila matembezi huandikwa tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, spishi zote zilizotambuliwa na idadi ya kila spishi. Kanuni muhimu ni kuandika ndege wote, hata wale wa kawaida. Mtu akiandika ndege adimu tu, haiwezekani baadaye kujua kama ndege wa kawaida hawakuwapo au walipuuzwa. Watu wengi huingiza orodha zao katika hifadhidata za mtandaoni kama eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 nchini Marekani, au BirdTrack ya Uingereza.

Thamani ya kumbukumbu: mfano wa Kensington Gardens

Mfano mashuhuri wa thamani ya kuhesabu ndege wa kawaida ni wa bustani ya Kensington Gardens jijini London. Katika vuli ya mwaka 1925 kijana Max Nicholson, akiwa na ndugu yake, alihesabu shomoro-kaya (Passer domesticus) wote katika bustani hiyo. Walipata 2,603. Wakati huo shomoro alikuwa ndege wa kila mahali, na watu wachache tu wangeona maana ya kumhesabu.

Hesabu hiyo ilirudiwa mahali palepale katika miaka iliyofuata. Mwaka 1948 walikuwa 885, mwaka 1975 walikuwa 544, na mwaka 1995 walikuwa 46. Mwaka 2000 Nicholson, aliyekuwa sasa mzee wa miaka zaidi ya 90, alirudi pamoja na watazamaji wengine. Walipata shomoro 8.

Wanasayansi wametaja sababu mbalimbali za upungufu wa shomoro mijini, zikiwemo kukosekana kwa wadudu wa kulisha makinda, kuzibwa kwa matundu ya majengo walimojenga viota, uchafuzi wa hewa na magonjwa. Lakini swali lenyewe lisingeulizwa kwa uzito kama hakungekuwa na namba ya mwaka 1925. Mtu anayepita bustani hiyo leo haoni pengo lolote. Huona bustani yenye njiwa, bata na miti. Kila kizazi huchukua hali kilichoikuta kuwa ndiyo ya kawaida. Kumbukumbu iliyoandikwa ndiyo inayomwonyesha mtu kilichopungua kabla hajazaliwa.

Nicholson alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa BTO, na baadaye wa Mfuko wa Dunia wa Wanyamapori (WWF) mwaka 1961. Hesabu za watu wa kujitolea zimekuwa msingi wa tafiti kubwa. Huko Amerika Kaskazini, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba bara hilo lina ndege karibu bilioni 3 pungufu kuliko mwaka 1970. Sehemu kubwa ya takwimu zake ilitoka kwa watu wa kawaida waliorudi kila mwaka kwenye njia zilezile.

Adabu za watazamaji

Wakati wa jalidi ni kosa kuwafukuza ndege ili waonekane vizuri. Kila mara ndege anaporuka kwa hofu hutumia nguvu anazozihitaji ili afike jioni, na hupoteza muda wa kula. Watazamaji hushauriwa kufuata njia zilizopo, kusimama mbali na makundi yanayokula au kulala, kufunga mbwa kwa kamba, na kuomba ruhusa kabla ya kuingia katika shamba la mtu. Mahali alipo ndege adimu anayesumbuliwa kwa urahisi hapatangazwi ovyo.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Ndege wanaotoweka Ulaya kabla ya jalidi hawakupotea. Wengi wanaokula wadudu huenda Afrika, na kati ya Septemba na Desemba mamilioni yao hupitia au hufikia Afrika Mashariki, hasa wale wanaotoka Ulaya ya mashariki na Asia. Mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica), ambaye huonekana kwenye nyaya za umeme na juu ya mashamba, ni mmoja wao.

Mahali panapojulikana sana kwa uchunguzi wa uhamaji huu ni Ngulia, katika Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Tangu mwaka 1969 wataalamu na watu wa kujitolea hukusanyika hapo mnamo Novemba na Desemba. Usiku wa ukungu, taa za hoteli huwavuta ndege wanaohama. Hunaswa kwa nyavu laini, huvalishwa pete, hupimwa na kuachiliwa.

Kutazama ndege mahali palepale kwa kurudia si jambo geni katika kanda hii. Chama cha Nature Kenya, chenye asili yake katika chama cha historia ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909, huandaa matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi jijini Nairobi. Mabwawa ya majitaka ya Dandora yamejulikana kwa muda mrefu kama mahali pazuri pa kuona ndege wa majini wanaohama. Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba ya upande wa takriban kilomita 9, na mtu yeyote anaweza kutuma orodha ya ndege wa mraba wake. Nchini Tanzania kumbukumbu kama hizo hukusanywa na mradi wa Tanzania Bird Atlas.

Afrika Mashariki bado ina maeneo mengi ambayo hayana orodha ya ndege iliyowekwa kwa miaka mingi mfululizo. Mwanafunzi anayehesabu ndege wa uwanja wa shule yake kila wiki, kwa saa ileile na njia ileile, huanzisha kumbukumbu ambayo haikuwapo. Tarehe anayomwona mbayuwayu wa kwanza mwezi Septemba, na ile anayomwona wa mwisho mwezi Aprili, zinaweza kulinganishwa na daftari la mtu wa Ulaya anayeandika ni lini ndege huyohuyo aliondoka na ni lini alirudi.